Mvua ya Uongo

Tingatinga imekata waya Chavakali
na mimi niko mtaroni tangu saa kumi alfajiri,
magoti yamezama kwenye udongo mwekundu,
namenya uzi wa kioo, mwembamba kama unywele.
Uzi mmoja, na ndani yake watu wote:
benki ya Luanda, matokeo ya mtihani,
mahari inayotumwa kwa awamu,
na mtu fulani wa Nairobi anayesema "naja" na haji.
Nazikutanisha ncha mbili ndani ya mashine.
Zikipishana hata kidogo nuru inamwagika
na hakuna ndoo ya kuikinga.

Dada yangu Kageha huicheka kazi hii.
Yeye yuko Maseno, maabara ya ghorofa ya pili,
chumba kinachoogopa vumbi kuliko mwizi.
"Unywele?" husema. "Huo kwangu ni mgomba."
Chembe zake, ukizipanga elfu moja ubavu kwa ubavu,
hazivuki upana wa unywele huo.
Siku moja zitaogelea damuni, zinuse sukari,
kisha ziambiane.
Ziambiane kwa nini? Antena hazibebi;
ni kumtwika sisimizi mnara wa simu.
Basi zinaongea kwa harufu:
hii inaachilia punje, ile inaingoja,
na punje inayumba njiani
kama mlevi anayetafuta mlango wake.

Tatizo, alinieleza kwa simu, sauti ikikatika,
ni kwamba neno halifi.
Umeshasema "hapana", na ile "ndiyo" ya mwanzo
bado inaelea, bado inagonga milango.
Miezi minane habari zake zimekuwa uji.

Nikamwambia, hata nyumbani ni hivyo hivyo.
Akanyamaza.
Mwaka mzima hatukuwa tumezungumza
kwa neno moja nililolitamka kwenye matanga ya baba.

Jumamosi tukakutana Wodanga, kwa senje Jerida.
Alikuwa kwenye kigoda kando ya kichuguu,
mguu wenye kidonda umelazwa juu ya mto,
anagonga vijiti viwili juu ya ubao:
ta-ta, ta-ta-ta,
ta,
anawaongopea kumbikumbi kwamba mvua imekuja.
Kageha akawa anahesabu kwa vidole.
"Senje, mbona unanyamaza kila mara?"
"Mkono unauma. Ulidhani nini?"
Lakini Kageha alikuwa ameshatoa kalamu,
anaandika kiganjani: urefu wa kimya,
halafu jina refu la kimeng'enya
cha kulamba masalio ya neno.
Kumbikumbi wakatoka, mmoja, watatu,
kisha moshi mzima wa mabawa
uliouamini ule ubao.

Senje akamdaka mmoja, akamtupia mdomoni, mabawa na vyote.
"Sasa hizo chembe zenu zikipiga mayowe damuni mwangu,
sukari imeanguka, ni saa nane za usiku,
nani atasikia?"
Kageha akaitazama simu yake. Hakuna mtandao.
Akanitazama mimi.

Uzi wa mwisho. Naupuliza, naulaza mahali pake.
Cheche.
Vioo viwili havikumbuki tena kama vilikuwa viwili.
Mita inasoma hasara: sufuri nukta sufuri mbili.
Juu ya mtaro kijana wa duka la simu anapiga mbinja,
na mfukoni mwangu jumbe za tangu jana
zinaingia kwa kusukumana.
Wa Kageha hauna maneno. Ni picha ya mchoro:
kilima, bonde, kilima.
Bonde ndilo alilolizungushia wino.

Naandika jibu. Nalifuta.
Mikono yangu ni matope matupu.
Nitanawa kwanza.